Tairi kubwa, difu ileile
(Maelezo mafupi kwa madereva na mafundi wa karakana ya kaunti)

Magari haya mnayajua nyinyi. Kazi yangu ni kumweleza mwananchi anayeyalipia dizeli.

Pikapu ya dizeli iliyoundwa kwa tairi za inchi 31 ikivalishwa za inchi 35 ili ipite matopeni, kila mzunguko wa gurudumu huenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 13. Mlimani, ukiwa umebeba dawa za zahanati, injini inashuka chini ya raundi zenye nguvu, unarudisha gia, unabembeleza klachi hadi inanuka. Halafu spidomita inadanganya: ikisoma 80, unakwenda 90, na breki ni zilezile.

Hesabu si ngumu. Chukua uwiano wa difu ya sasa, zidisha kwa kipenyo cha tairi mpya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Difu ya 3.73 inakuwa 4.21. Seti zilizo karibu na hapo ni 4.10 na 4.30. Kwa gari la lami ningechukua 4.10, maana dizeli haipendi kuzungushwa mno. Kwa njia zetu za milima na mzigo, 4.30. Na gari linalovuta magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma hubadilishwa pamoja, la sivyo zitapigana.

Kwa hivyo ombi la tairi kubwa liandikwe pamoja na gharama ya difu zote mbili na kusahihishwa kwa spidomita. Likija bila hayo, lirudishwe.