Karani wa Ghala na Tundu la Flash

Korosho zikianza kudondoka mwezi Oktoba, Nanyamba nzima, mkoani Mtwara, hutega sikio kwenye mzani. Mkulima hushusha gunia lake AMCOS, yaani kwenye chama cha ushirika, karani hupima na kuandika, mzigo huenda ghala kuu, na mwenye mali hubaki na karatasi mkononi. Anayeujua mfumo huo wa stakabadhi ghalani hahitaji digrii ya kompyuta ili aelewe kosa moja ambalo limewatesa watengenezaji wa programu kwa miongo mingi. Karani na asubiri kidogo na kalamu yake; atahitajika.

Tarehe 5 Julai 2015, kampuni ya Hacking Team ya mjini Milan, Italia, ilivamiwa. Kazi yake ilikuwa kuziuzia serikali programu za upelelezi, na siku ile iliyovuliwa nguo ni yenyewe: gigabaiti 400 za barua pepe, ankara na silaha zake za kidijitali zilimwagwa hadharani. Afrika Mashariki na majirani zake walikutwa humo. Idara ya usalama ya Sudan ilikuwa na ankara ya euro 480,000. Ethiopia ilikuwa mteja. Kutoka Kenya kulikuwa na mazungumzo yaliyoonyesha maofisa wakitaka kampuni ithibitishe uwezo wake kwa kuiangusha tovuti ya Kahawa Tungu.

Katika lundo hilo palikuwa na tundu la Adobe Flash, yaani kosa la programu linalompa mvamizi njia ya kuingia.

Flash hii si ile flashi anayoivaa mwalimu shingoni akaipeleka steshenari kuprinti mitihani. Ilikuwa plagini, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani ya kivinjari kama Internet Explorer au Firefox ili kivinjari kiweze kuonyesha video, katuni na michezo ambayo chenyewe hakikuiweza. Aliyeingia intaneti kafe ya Mtwara mjini miaka ya 2000 akatazama video aliitumia, hata kama hakulijua jina lake. Shida yake ni kwamba ilikuwa mgeni aliyepewa funguo za nyumba: kosa likitokea ndani yake, linatokea ndani ya kompyuta ya mtu.

Sasa karani arudi ghalani. Analetewa gunia la kuingiza kwenye safu ya mkulima fulani. Anafungua daftari, anaona safu hiyo iko kona ya tatu, anaikariri, kisha anaagiza gunia lipimwe kwanza. Mzani ukiwa bado unasomwa, mwenye mzigo, ambaye ni mjanja, anaomba safu yake ihamishiwe jengo kubwa zaidi. Inahamishwa. Kona ya tatu inabaki wazi, na papo hapo anapewa mtu mwingine. Karani anarudi na gunia, kichwani bado ana kona ya tatu, daftari halitazami tena. Analibwaga palepale, juu ya mali isiyohusika.

Flash ilifanya hivyohivyo. Ukurasa wa mtandao uliitaka iweke namba kwenye sehemu fulani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ikakariri anwani ya sehemu hiyo, ndipo ikauliza namba yenyewe ni ngapi. Katika kujibu, ukurasa ukabadilisha ukubwa wa sehemu ile, ikahamishwa, lakini Flash ikaandika kwenye anwani ya zamani. Baiti moja tu. Ila mshambuliaji alishapanga kwamba atakayepewa kona ile ni orodha yake nyingine, na baiti ile ikaangukia mahali palipoandikwa urefu wa orodha hiyo. Orodha fupi ikajiona ndefu kupindukia, kompyuta nayo ikaamini, ikamwachia mwenye ukurasa asome na kuandika karibu popote ndani ya kumbukumbu ya programu. Ni kama stakabadhi ya magunia kumi kuongezwa masifuri, na mlinzi wa ghala asiulize kitu. Ili kuvuka uzio ambao baadhi ya vivinjari viliuzungushia Flash, Hacking Team ilikuwa na tundu la pili, kwenye sehemu ya Windows inayoshughulikia fonti.

Matundu kama haya yalikuwa na soko lake. Barua pepe zilizovuja zilionyesha mtaalamu mmoja wa Urusi akiiuzia kampuni hiyo tundu la Flash kwa dola 45,000, tena kwa awamu, kama mtu anayenunua kiwanja.

Kabla ya uvujaji huo, Desemba 2013, waandishi wa ESAT, televisheni ya Waethiopia walio ughaibuni, walitumiwa kwa Skype mafaili yaliyobeba programu ya Hacking Team. Watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza mkasa huo Februari 2014. Wale walihitaji kudanganywa wafungue faili. Tundu la Flash halikuomba hata hilo. Ukurasa kufunguka tu, kazi imekwisha. Kwa hiyo ule ushauri wa kila semina, kwamba mtu asibonyeze linki asiyoijua, ni mzuri lakini humtwika mtumiaji mzigo wa karani.

Adobe ilitoa kiraka tarehe 8 Julai, siku tatu baada ya uvujaji, wakati wahalifu wa kawaida wameshaliokota tundu lile na kuanza kulitumia. Matundu mengine mawili ya Flash yakaibuka kwenye mafaili yaleyale. Mozilla ikaizuia Flash kwa muda ndani ya Firefox, na mkuu wa usalama wa Facebook wakati huo, Alex Stamos, akaitaka Adobe itangaze siku ya kuizika. Maziko yalifanyika tarehe 31 Desemba 2020.

Lakini kosa halikuzikwa nayo. Mwaka 2020 wahandisi wa Chrome walipochambua matundu makubwa 912 ya kivinjari chao, walikuta takribani asilimia 70 yanatokana na utunzaji mbovu wa kumbukumbu, na nusu ya hayo ni ya karani yuleyule na kona yake ya zamani. Sababu ni lugha za C na C++, ambazo humwachia mwandishi wa programu akumbuke mwenyewe nini kimehamishwa na lini. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, kwa kawaida hukataa kuijenga programu ambayo karani wake bado ameshikilia kona iliyokwisha kuachwa. Kuyaandika upya mamilioni ya mistari ya zamani, hata hivyo, si kazi ya msimu mmoja.

Tangu msimu wa 2024, mnada wa korosho umehama kutoka sanduku la zabuni kwenda mfumo wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei ya kilo ya mkulima wa Nanyamba sasa huamuliwa kwenye skrini. Skrini hiyo ikiwa ya kompyuta yenye Windows 7, toleo la mwisho la Chrome inaloweza kubeba ni la 109, la Januari 2023; matundu mengi yaliyozibwa kwenye matoleo ya baadaye, kwenye mashine hiyo yako wazi. Na hata penye Windows mpya, wengi wamezima apdeti kwa sababu inakula bando, jambo ambalo ni vigumu kumlaumu mwenye steshenari anayelipa bando hilo mfukoni. Ofisi yenye bajeti haina kisingizio hicho. Magunia, kamba na matengenezo ya mzani hupangwa kabla msimu haujafunguliwa. Bando la apdeti likiingizwa kwenye orodha hiyohiyo ya Septemba, litakuwa miongoni mwa vitu vya bei ndogo kuliko vyote.