Jiwe la Rangi ya Mbingu



Katika Mwaka B, somo la kwanza la Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo hutoka katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 24, nalo hukoma kwenye aya ya 8, pale Musa anapowanyunyizia watu damu ya agano. Mwenye Biblia nyumbani asiifunge hapo. Ashuke aya mbili zaidi. Atawakuta Musa, Haruni, Nadabu, Abihu na wazee 70 wakiwa mlimani mbele ya Mungu, na mwandishi mtakatifu, ambaye hathubutu kueleza uso wa Mungu, anaeleza kile kilichokuwa chini ya miguu yake tu: sakafu, anayoilinganisha na yakuti samawi na uangavu wa anga. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 1, anataja jiwe hilohilo anapoona kiti cha enzi. Na katika Ufunuo, sura ya 21, tunalikuta likiwa msingi wa pili wa ukuta wa Yerusalemu mpya.

Makatekista wameniuliza mara nyingi: "Padre, jiwe gani hilo?" Nalipenda swali hili, kwa sababu anayelijibu vizuri analazimika kushuka kutoka mlima Sinai na kufika mpaka Tanga na Tunduru.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu jina. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba jiwe waliloliita hivyo watu wa kale halikuwa yakuti samawi tunayoijua leo, bali ni lapisi lazuli, jiwe la buluu nzito lililochimbwa tangu zamani sana katika milima ya Badakhshan, huko Afghanistan. Sababu yao ni nzuri: waandishi wa kale, Theophrastus Mgiriki na Plinius Mrumi, wanasema jiwe hilo lilikuwa na madoadoa kama ya dhahabu. Lapisi lazuli inayo madoadoa hayo, yakuti haina. Hata hivyo watafsiri wetu wa Kiswahili hawakutukosesha. "Samawi" ni la mbinguni, la angani. Ndiyo maana aliyokusudia mwandishi.

Na neno "yakuti" lenyewe lina hekima yake. Lilitujia kutoka Kiarabu, na Waarabu walilitumia kwa ukoo mzima: yakuti nyekundu, ya buluu, ya manjano, hata nyeupe. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliyapima mawe haya kwa uzito wake katika maji, akayaweka katika ukoo mmoja. Wazungu, kwa upande wao, waliendelea muda mrefu kuyaita mawe haya kwa majina yasiyo na udugu, hadi wanakemia wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 walipothibitisha kuwa nyekundu na buluu ni madini yaleyale. Leo wachimbaji wetu huita nyekundu "rubi" na nyingine zote "safaya". Mama yao ni mmoja, naye huitwa korundamu.

Sasa mama huyo ameumbwa kwa nini? Hapa ndipo ninapowaomba msikilize kwa makini, hasa akina mama mlioko jikoni. Yakuti ni aluminiamu na oksijeni, basi. Oksijeni ndiyo hewa tunayoivuta. Aluminiamu ni ile ya sufuria. Ukiisugua sufuria yako hata ikang'aa, papo hapo hewa huifunika tena kwa utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, nao ndio unaoizuia isiliwe na kutu. Utando ule umefanywa kwa viungo vilevile vya yakuti. Hali kadhalika msasa wa seremala: punje ngumu zilizobandikwa juu ya karatasi, mara nyingi, ni aluminiamu na oksijeni iliyotengenezwa kiwandani. Wala viungo hivyo si haba duniani. Karibu nusu ya uzito wa ganda la dunia ni oksijeni, na aluminiamu ndiyo metali iliyo nyingi kupita zote humo, kama sehemu 8 katika kila 100. Udongo wa mfinyanzi umejaa viungo hivyo hivyo.

Basi, kwa nini kila chungu si yakuti? Kwa sababu ya silika, ile inayofanya mchanga. Aluminiamu inapoikuta silika ndani ya mwamba, hushikamana nayo, na zao lao huwa udongo, ulanga na mawe ya kawaida tunayojengea misingi ya nyumba. Ili yakuti ipatikane, aluminiamu lazima iwe mahali ambapo silika imepungua sana au imeondolewa. Jambo hili ni adimu, na ndilo linaloleta thamani.

Bonde la Umba, mkoani Tanga, karibu na mpaka wa Kenya, linatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotendeka. Zamani mno, mishipa ya mwamba wa moto, yenye aluminiamu na silika nyingi, ilijipenyeza katika mwamba mwingine ulio na njaa ya silika. Mwamba ule uliinyonya silika kutoka katika mishipa kidogo kidogo. Aluminiamu ikabaki bila mwenzake wa kawaida, ikiwa chini ya joto kali na uzito wa milima iliyokuwa juu yake, ikajipanga upya katika fuwele zenye pande sita. Ndipo zikatokea yakuti za Umba, ambazo zimejulikana ulimwenguni tangu miaka ya 1960 kwa rangi zake nyingi: buluu, kijani, manjano, rangi ya chungwa, zambarau, hata zile zinazoonekana za buluu mchana na kugeuka zambarau chini ya taa ya kibatari. Tazameni vizuri: mwamba wa Umba haukuongezewa kitu cha thamani. Uliondolewa kitu cha kawaida.

Huko kusini, Tunduru na Songea, hadithi ni ya mito. Yakuti zilizaliwa chini sana ardhini, wakati mabara yalipogongana na kuinua safu kubwa ya milima, miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita. Wakati huo Afrika yetu, Madagaska, Sri Lanka na kusini ya India zilikuwa nchi moja iliyoshikana. Kwa hiyo jiwe la mto Muhuwesi na jiwe la Ratnapura, Sri Lanka, ni ndugu wa ukanda mmoja waliotenganishwa na bahari. Milima ikachakaa, mvua ikasomba, na yakuti ikakaa katika changarawe ya chini ya mito, kwa kuwa ni nzito mara nne ya maji wakati mchanga wa kawaida hauzidi mara mbili na nusu na kitu. Ndiyo maana mchimbaji anapochekecha majini, mawe mazito hukusanyika katikati ya chekecheke. Tena yakuti ni ngumu: katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 inashika namba 9, na juu yake iko almasi peke yake. Mto uliosaga mawe mengine kuwa vumbi haukuiweza. (Lakini vijana, ugumu huo ni wa kukwaruzwa, si wa kupigwa nyundo. Msilijaribu jiwe kwa nyundo.)

Turudi kwenye rangi. Yakuti iliyo safi kabisa haina rangi. Ni kama maji. Nyekundu huletwa na chembe za kromiamu. Manjano na kijani huletwa na chuma. Buluu ile ya samawi, ambayo watu huitamani kupita zote, huhitaji wawili: chuma na titaniamu. Titaniamu peke yake haiipi yakuti rangi yoyote. Chuma peke yake kitaleta manjano hafifu au ukijani. Wakikaa pamoja, jirani kwa jirani ndani ya fuwele, wanaumeza mwanga mwekundu na kuuachia wa buluu upite. Na kiasi kinachotosha ni kidogo cha kushangaza: sehemu chache katika kila 10,000. Mpishi akitia chumvi ya kadiri hiyo katika chungu cha mchuzi, hakuna atakayeionja.

Wapendwa, nimeyasema haya yote si kwa kuwafundisha jiolojia siku ya Bwana. Nimeyasema kwa sababu watu wetu wanaibiwa kwa kutoyajua.

Katika miaka ya 1990 habari za Tunduru zilipoenea, maelfu ya vijana waliacha majembe na shule, na wanunuzi walifika kutoka Thailand na Sri Lanka. Mambo yaleyale yalionekana Winza, wilayani Mpwapwa, mwaka 2008. Miaka ya mwanzo ya upadre wangu nilihudumu katika parokia moja ya kusini. Kijana mmoja wa kwaya alikuja kunionyesha jiwe alilolifunga katika karatasi ya sigara. Mnunuzi alikuwa amelitazama kwa lenzi, akatikisa kichwa, akamwambia: "Lina uchafu ndani." Kijana alikuwa na njaa na deni la chakula cha mwezi mzima, aliliuza jioni ile kwa bei ya gunia la mahindi.

Sasa huo "uchafu" ni kitu gani? Ni kweli kwamba ukiwa mwingi hulifanya jiwe kuwa na ukungu na kushusha bei. Lakini mara nyingi ni sindano nyembamba mno za madini mengine, ambazo wataalamu huziita hariri, zilizomo ndani ya fuwele. Katika mawe fulani sindano hizo, likikatwa kwa mviringo, huchora nyota ya miale sita juu ya jiwe, nalo hutafutwa kwa nyota hiyo. Tena ni ushahidi wa asili yake. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga katika mwali wa moto, viwanda vimekuwa vikitoa yakuti kwa saa chache. Za kwake huonyesha ndani mistari iliyopinda na mapovu; za ardhini huonyesha mistari iliyonyooka yenye kona. Kwa hiyo mnunuzi mwenye lenzi alipouona ule uchafu, huenda moyoni alikuwa amefurahi: jiwe ni la kweli. Aliyeshika lenzi alijua. Aliyeshika jiwe hakujua. Biashara ikafanyika katikati ya hao wawili, na mimi nauita wizi, hata kama hakuna aliyetia mkono mfukoni mwa mwenzake.

Liko na la pili. Jiwe hupikwa. Wafanyabiashara huliweka katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,500, hariri ikayeyuka na rangi ikatakata. Kazi hii ni ya kawaida na inajulikana sokoni, na haina ubaya ikiwa mnunuzi anaelezwa. Lakini mapema mwaka 2002 maabara ziligundua kwamba mawe mengi ya rangi nzuri ya chungwa, yakiwemo yaliyotoka Songea na Madagaska, yalikuwa yamepikwa Thailand pamoja na madini yenye beriliamu, iliyopenya ndani ya jiwe na kulibadili rangi. Waliyanunua watu wakidhani rangi hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Mawe yaliyodharauliwa mikononi mwa mchimbaji wetu yaliuzwa ng'ambo kwa sifa yasiyokuwa nayo. Mtu wa kwanza alidanganywa kwa kupunguziwa, wa mwisho kwa kuongezewa. Amri ya saba ilivunjwa huku, ya nane kule, kwa jiwe lilelile.

Baadhi yenu mtasema: Padre, sisi tufanye nini, lenzi hatuna? Lenzi si ghali kama mnavyodhani. Jumuiya moja inaweza kuchanga ikanunua, pamoja na mizani ndogo. Mkumbuke kwamba gramu moja ni karati tano, asije mtu akawauzia lugha. Tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini katika mikoa, ili jiwe lipimwe na kuuzwa hadharani. Anayemwita kijana kando usiku ana sababu yake. Huko Arusha kuna Kituo cha Jemolojia, ambako vijana wamefundishwa kutambua mawe na kuyakata. Ukataji nao ni elimu: yakuti samawi ukiitazama upande mmoja ni buluu, upande mwingine ina ukijani, na fundi asiyejua kuigeuza kabla ya kuikata huipoteza rangi yake nzuri.

Ayubu, sura ya 28, anawaeleza wachimbaji wa zamani wakining'inia mashimoni mbali na watu, na anazitaja yakuti samawi wanazozitafuta. Anawastaajabia kabisa, hawadharau. Nami siwadharau wa kwetu. Ila nawaombeni neno moja makatekista wa vigango vilivyo kando ya mito. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji, na watoto huenda kuogelea humo. Wakusanyeni wachimbaji wa kigango chenu, wawe wanasali kwetu au hawasali, mpange siku, myafukie kabla masika hayajaanza.