Si Mtoto wa Kushikilia Masweta

Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa vijana, Kimilili, Kaunti ya Bungoma



Ndugu zangu na dada zangu, asanteni kwa kuja. Najua ni Jumamosi. Kuna walioacha boda boda huko steji, kuna walioacha duka, na kuna wenye mechi saa kumi. Sitawaweka sana. Tena nimefurahi kusikia mna mechi, kwa sababu leo ninaongea kuhusu mechi: nani anacheza, na nani anaambiwa akae kando.

Kila mtu hapa aliyesoma shule ya msingi maeneo haya, iwe Kimilili mjini, Kamukuywa, Chwele ama huko juu Kapsokwony, anamkumbuka mwanafunzi mmoja. Kipindi cha PE kikifika, darasa lote linatoka mbio. Yeye anaambiwa, "Wewe kaa hapo chini ya mti, ushikilie masweta ya wenzako." Huyo ni mtoto aliyepooza mguu. Ama haoni vizuri. Ama ana kifafa, ama ana ualbino na watu wanaogopa jua litamchoma. Mwalimu hakumchukia, alidhani anamhurumia. Na sisi tulimtupia masweta tukakimbia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme ni vipindi viwili tu kwa wiki, na shule ina wiki 36 kwa mwaka. Hizo ni mara 72. Kwa miaka minane ni mara 576. Mara 576 mtoto anafundishwa kwamba mwili wake si wa kutumika, na wenzake wanafundishwa hivyo hivyo kumhusu. Halafu akifika miaka ishirini na tano tunamuuliza mbona hajiamini, mbona haji kwa mikutano ya vijana. Kwani tulimfundisha nini?

Kwanza tuongee afya, kwa sababu wengi wanadhani mazoezi ni ya watu wazima wa mwili, na mlemavu anahitaji tu dawa na kupumzika. Ni kinyume. Kiungo kisichosongeshwa hukaza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo goti lake likikaa limekunjwa miezi na miezi, misuli inafupika, na siku ukitaka kulinyoosha halinyooki tena. Mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili akikaa kitini kutwa bila kujiinua, ngozi inakosa damu na inapata vidonda. Vidonda hivyo vinaweza kufika hadi mfupa. Na kunenepa kupita kiasi, presha na kisukari havimrukii mtu ati kwa sababu ana ulemavu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi, na safari hiyo likawataja wazi watu wanaoishi na ulemavu. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Watu wazima, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ni kiasi kile kile wanachoambiwa watu wengine, kila mmoja akifanya kulingana na uwezo wake. Asiyeweza kufikisha afanye kidogo, kwa sababu kidogo kinashinda kukaa bure.

Sasa mtasema, sawa, lakini atachezaje? Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mnamjua Henry Wanyoike. Mkenya, mtoto wa Kikuyu huko Kiambu. Mwaka 1995 akiwa kijana alipatwa na kiharusi akapoteza macho. Mwaka 2000 akaenda Sydney kwa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, mbio za mita 5,000. Kukaribia mwisho, mwongozaji wake John Kibue aliishiwa na nguvu kabisa. Wanyoike, yule asiyeona, ndiye aliyemvuta mwenye macho hadi wakavuka mstari wakachukua dhahabu. Mwaka 2004 kule Athens akaongeza dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Sasa jiulizeni, kifaa kilichomwezesha kukimbia kiligharimu pesa ngapi? Ni kamba fupi, mwisho mmoja kwake na mwingine kwa mwenzake. Kamba na rafiki. Hiyo ndiyo elimu ya michezo iliyorekebishwa. Humbadilishi mtoto, unabadilisha mchezo.

Walimu wa michezo wana maswali manne wanayotumia kubadilisha mchezo wowote. Shikeni simu muandike. Nafasi: uwanja uwe mdogo ama mkubwa kiasi gani, na ardhi iweje? Kazi: sheria gani ilegezwe? Vifaa: mpira uweje? Watu: nani acheze na nani, na nani amsaidie nani?

Tuchukue mifano. Kwa asiyeona kuna goliboli, mchezo wa watu watatu kila upande. Mpira una kengele ndani, unabingirishwa chini, na wachezaji wote wanafungwa macho ili wawe sawa. Watazamaji wananyamaza ili mpira usikike. Huna mpira wa kengele? Tia punje za mahindi makavu kwenye chupa ndogo ya plastiki, izungushie matambara, funga kwa kamba. Usiweke matambara mengi mno, sauti itazibwa.

Voliboli ya kukaa ni rahisi zaidi. Uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume uko mita 1.15 tu kutoka chini. Wote wanakaa, mwenye miguu na asiye na miguu. Funga kamba kwenye miti miwili na umemaliza. Nawaahidi ninyi mnaojiita mabingwa wa voliboli mtachapwa, kwa sababu kusonga kwa mikono huku umekaa si kazi ndogo. Huyo uliyezoea kumwonea huruma ana mazoezi ya mikono ya miaka kumi.

Kwa mtoto ambaye hata mikono ni ya shida kuna bocha. Mnarusha mipira kuelekea mpira mmoja mweupe, na wa karibu zaidi anashinda. Umo kwenye Olimpiki ya Walemavu tangu mwaka 1984. Asiyeweza kurusha anaruhusiwa kutumia mfereji mdogo, mpira unateremka wenyewe huku yeye akichagua upande na nguvu. Soksi kuukuu iliyojazwa mchanga na kushonwa ni mpira. Kipande cha gata ya bati ni mfereji, na hizo ziko nyuma ya kila nyumba hapa, bora tu ukunje kingo zisimkate mtu. Na kwa kiziwi, refa anashika bendera pamoja na filimbi. Bendera tu!

Kuna tahadhari, na lazima tuzijue. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apake mafuta ya kukinga jua, na mchezo uwe asubuhi ama jioni. Mwenye kifafa acheze, ila asiogelee wala kupanda juu peke yake. Mwenye dalili za Down asipinduke kichwa kabla daktari hajamkagua shingo. Asiyehisi miguu, ngozi yake ikaguliwe baada ya mchezo. Hizi ni sababu za kumwangalia mtoto. Hazijawahi kuwa sababu za kumfungia nje.

Na kuhusu viti vya magurudumu niseme wazi. Kuna kijana wa miaka kumi na moja hapa hapa kaunti ndogo yetu. Alipewa kiti kwenye mkutano wa hadhara, picha zikapigwa, watu wakapiga makofi. Kiti kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto akawa anaangukia upande mmoja, mgongo ukapinda, akapata vidonda, akakosa shule muhula mzima. Aliyekitoa simtaji, na huenda nia yake ilikuwa njema. Lakini kiti ni kama kiatu, hupimwa. Kiti cha hospitali chenye magurudumu membamba kinafaa sakafu ya saruji. Hapa kwetu ni vilima, na mvua ya Aprili ikinyesha barabara inakuwa ugali. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana Nairobi inayotengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu. Kwa hivyo mtu akija na viti vya kugawa, tumshukuru, kisha tumuulize nani amewapima hawa watoto.

Tuje kwenye haki, kwa sababu hatuombi hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe utu wake, asome katika shule zilizojumuishwa na jamii, afike mahali pote na apate vifaa vya kumsaidia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 30 kinataja michezo, hata ile ya shuleni, kwamba watoto hawa washiriki sawa na wengine. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa watu wenye ulemavu haki ya kutumia viwanja vya serikali bila malipo. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu mahali pake. Isomeni. Tumezoea kusoma sheria siku ndugu yetu amekamatwa. Tuisome pia siku ndugu yetu amefungiwa nje ya uwanja, kwa sababu kote kuwili ni kunyimwa haki.

Na sisi hatuna kisingizio. Tunamjua Abdullah ibn Umm Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake. Hakuwa anaona. Alikuwa muadhini Madina, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka safarini aliwahi kumwachia mji. Alipewa kazi. Hakuambiwa akae mlangoni ashikilie viatu vya wenzake.

Basi wapi pa kuanzia? Pesa si nyingi, lakini ofisi zipo na hatuziulizi. Kuna vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vile vinavyoitwa EARC. Mtoto apelekwe huko, aelezwe shule gani inamfaa na anahitaji nini. Walimu wanaotaka kujifunza zaidi waende kwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani tangu 1986. Hospitalini ulizeni mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe mama mazoezi ya kufanya nyumbani, kwa sababu mara moja kwa mwezi hospitalini haiwezi kushinda kila siku nyumbani. Na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu linaandikisha watu na kutoa kadi. Lina hazina ya vifaa vya kusaidia, na lina mpango wa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino. Asiyeandikishwa ni vigumu kuhesabika. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu ya Wakenya wana ulemavu. Nawauliza, katika mtaa wako unaamini ni wawili tu kati ya mia? Ama kuna watoto wamefichwa vyumba vya nyuma, mgeni akija mlango unafungwa?

Ninaomba mambo matatu. La kwanza, kila mmoja wenu aandike nyumba anazojua zina mtoto ama kijana mwenye ulemavu. Msiingie na simu za kupiga picha. Ingieni kama majirani, salimieni mama, mkae, mnywe chai. Muulizeni yeye kwanza mtoto anapenda nini, kisha muulizeni mtoto mwenyewe. La pili, msindikizeni mama kwenda kupimwa na kuandikishwa. Wengi hawaendi kwa sababu ya nauli na kwa kuogopa kupigwa danadana, nenda leo rudi kesho. Mkiwa wawili naye ofisini, hiyo danadana inapungua. La tatu, twende kwa walimu wakuu wa shule zetu na madrasa zetu na yale maswali manne. Tusiende kwa hasira. Mwalimu ana watoto themanini darasani na hakuna aliyemfundisha. Mwambieni, mwalimu, tuko vijana sita, tupe kipindi kimoja kwa wiki tukusaidie. Eneo letu si geni kwa michezo, Friends School Kamusinga iko hapa na nchi nzima inaijua kwa hoki. Walimu wa kutufundisha wapo.

Najua kuna mtu anafikiria, hii ni kazi kubwa na sisi hatuna hata ofisi. Ofisi ya nini? Tunahitaji kamba, soksi, mahindi makavu, na mtu wa kukimbia upande wa pili wa kamba.

Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, kabla jua halijakali, tukutane uwanjani. Dada zetu tumewatengea upande wao, na mama yeyote anayetaka kukaa na mwanawe anakaribishwa. Kila mtu aje na soksi kuukuu mbili. Mwenye pikipiki aje na mtu mmoja ambaye hangefika bila yeye, amwendeshe polepole na amvalishe helmeti. Tutaanza na voliboli ya kukaa. Wale mabingwa, jiandaeni kuchapwa.

Allah atukubalie na atuwezeshe. Wassalaam alaykum warahmatullah.