KUZIMA SWICHI HAKUTOSHI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi wa karakana tumeombwa tueleze habari za stima, kwa kuwa siku hizi kazi nyingi za reli hukutana nayo. Hata injini kubwa ya treni ya dizeli-umeme haizungushi magurudumu yenyewe. Inazungusha jenereta, na stima ya jenereta ndiyo inayoendesha mota za magurudumu.

Tufikirie tangi la maji juu ya mnara wa stesheni. Msukumo wa maji, katika stima, ndio volti. Wingi wa maji yanayopita ni ampea. Wembamba wa bomba unaoyazuia ni omu. Gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu.

Stima ya nyumbani ni volti 240. Mwili wa mtu aliyelowa huweza kuwa na omu 1,000 tu. Gawanya: karibu robo ya ampea itampitia. Balbu ya wati 60 hutumia robo hiyo hiyo, na sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita moyoni yaweza kuua. Basi stima ya kuwasha balbu moja yatosha kumzima mtu.

Wala volti chache zisitudanganye. Betri ya volti 12 haimshtui mwenye mikono mikavu, lakini spana ikigusa ncha zote mbili, ampea mamia hupita. Spana huwa moto mwekundu, na gesi ya betri yaweza kulipuka.

Tena kuna kapasita. Hiyo ni kama debe chini ya bomba: ukifunga koki, maji ya debe yamebaki. Mtambo ukizimwa, kapasita yaweza kukaa na volti mamia kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo: zima, tia kufuli, tundika kibao, ngoja, pima kwa testa, kisha unganisha na ardhi. Ndipo uguse.

Testa, kufuli na glavu si zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, nayo yatutaka sisi tumwarifu msimamizi tuonapo hatari. Kila mjumbe aandike gengi lake limekosa nini, alete orodha kwa katibu. Tukidai pamoja tutasikilizwa.