KAMERA YA KUKUNJA ISIYOUZIWA FILAMU TENA

Leo nataka kuwaeleza habari za kamera za zamani za kukunja, ambazo pengine huonekana katika masanduku ya wazee. Ukiifungua, kioo chake hutoka mbele juu ya reli ndogo, na nyuma yake hunyoka kifuko cheusi chenye mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi. Watu wengi wakiiona husema, "Hii imekufa, filamu yake haiuzwi tena." Neno hilo ni kweli nusu tu.

Kwanza kabisa, kabla hujafungua mlango wa nyuma, tazama kidirisha chekundu kilicho mgongoni. Ukiona namba au karatasi ndani yake, acha, usifungue! Huenda filamu imo bado. Picha iliyokwisha kupigwa wala haijasafishwa yaweza kudumu miaka mingi sana, ingawa hufifia. Na labda hiyo ndiyo sura pekee ya babu iliyobaki duniani. Nuru ya mara moja itaiharibu. Zungusha ufunguo polepole mpaka karatasi yote ipite, kisha itoe filamu gizani, uifunge isilegee, umpelekee msafishaji wa picha na kumwambia kwamba ni ya zamani.

Sasa habari za vipimo. Kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, iliuza filamu za vipimo vingi, kila kimoja kwa namba yake. Namba 116 ilitoka mwaka 1899 ikakoma 1984. Namba 122, ya picha kubwa kama kadi ya posta, ilikoma 1971. Namba 120 ilitoka mwaka 1901, na hata leo yatengenezwa. Namba 620 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikakoma 1995. Nayo, ajabu yake, upana wake na wa 120 ni mmoja. Tofauti ni kijiti tu, yaani kile cha kuzungushia filamu, mfano wa kijiti cha uzi wa cherehani. Cha 620 ni chembamba zaidi, na visahani vyake vya mwisho ni vidogo. Waliobuni tofauti hiyo hawakuwafikiria wajukuu wa wanunuzi wao.

Basi mwenye kamera ya 620 na atafute vijiti viwili vitupu vya 620. Aingie katika chumba chenye giza totoro, maana hata mwanga wa chini ya mlango ni adui. Aizungushe filamu ya 120 juu ya kijiti cha kwanza, pamoja na karatasi yake, akiikaza. Lakini sasa mwisho wa filamu umekuwa nje, kwa hiyo aizungushe mara ya pili juu ya kijiti cha pili, ili mwanzo urudi nje. Karibu na mwisho wa kazi vidole vitakuta utepe unaoshika filamu kwenye karatasi, nayo filamu imefanya kivimbe. Autoe utepe taratibu, ailaze filamu sawasawa, aubandike tena. Kijiti cha kwanza, ambacho sasa ni kitupu, atakitia ndani ya kamera upande wa kupokea. Yafaa kujizoeza kwanza mchana kwa filamu iliyoharibika.

Mwenye 116 ana taabu zaidi, kwa kuwa filamu yake ilikuwa pana zaidi. Aweza kutia 120 kwa kuweka vipande vya kujazia nafasi kwenye ncha za vijiti, lakini namba za kidirishani hazitapatana na picha zake ndefu. Itampasa kuhesabu mizunguko ya ufunguo.

Kidirisha hicho chekundu kina hatari nyingine. Filamu nyingi za zamani hazikuona rangi nyekundu, lakini nyingi za leo huiona. Kibandike kipande cha utepe mweusi, ukifunue kivulini tu unapozungusha filamu.

Mvukuto nao hupasuka kwenye pembe za mikunjo. Kamera ikiwa tupu, tia tochi ndogo ndani usiku: kila nyota utakayoona ni tundu, na kila tundu ni doa katika picha. Ziba kwa rangi nyeusi ya nguo, kidogo kidogo, uache ikauke kabla hujakunja. Katika kilango cha kioo usitie mafuta hata tone. Huenea juu ya vibati vyake vyembamba vikagandamana. Tena usifungue kamera kwa nguvu, kwa maana mvukuto hufyonza hewa na kuivuta filamu mahali pake. Fungua polepole, kisha ndipo uzungushe filamu kwa picha inayofuata.

Katika jua kali chagua filamu ya nguvu 100, siyo 400, kwa sababu kilango cha zamani ni kizito. Weka mwendo wa 1/50 na tundu la 22.

Kwa kawaida msafishaji hutupa kijiti kama takataka. Andika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: RUDISHA KIJITI. Dukani utapata filamu ya 120 mara nyingi upendavyo, lakini kijiti cha 620 hakiji nayo.