Kupima Majonzi kwa Kireno

Tangu Januari 2022, toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotunzwa na Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, yaani hali ambayo mfiwa anaendelea kumtamani marehemu au kuzongwa na fikra zake, kwa uchungu mkali, kwa miezi 6 au zaidi, hata akashindwa kutimiza shughuli zake za kila siku. Mwezi Machi mwaka huohuo Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani nacho kiliuingiza ugonjwa huo katika mwongozo wake, lakini kikataka miezi 12 ipite kwa watu wazima. Tofauti hiyo baina ya vyombo viwili vyenye mamlaka yatosha kuonyesha kwamba mpaka wa msiba na maradhi umewekwa na wataalamu kwa mashauriano, na kwamba hojaji inayotumiwa kuutafuta mpaka huo kwa mfiwa mmoja mmoja huyabeba mashauriano hayo kila inapohamishiwa katika lugha nyingine.

Hojaji iliyohamishiwa Kireno na kujadiliwa sana ni PG-13, kazi ya Holly Prigerson na wenzake wa Marekani, ambao tangu 1995 walikwisha kuchapisha orodha ya awali yenye vipengele 19. PG-13 ina vipengele 13: 11 huuliza dalili, kama vile kumtamani marehemu, kukwepa mambo yanayokumbusha kifo chake, kupigwa na butwaa, kushindwa kuwaamini watu na kuona maisha hayana maana, na kila kimoja hujibiwa kwa ngazi 5, viwili vilivyosalia huuliza kama uchungu umefikisha miezi 6 na kama umevuruga kazi, nyumba au mahusiano ya mhusika. Uhakiki wake kwa wakazi wa Ureno ulichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Acta Médica Portuguesa, na ule wa Brazil ukachapishwa mwaka 2017. Mtafiti aliyetajwa wa kwanza katika kazi zote mbili ni mmoja, Mayra Delalibera, jambo linalostahili kuzingatiwa, kwa sababu mtu aliyekuwa na hojaji ya Kireno iliyokwisha kupimwa bado aliona hapana budi ipimwe upya kwa Wabrazili.

Utaratibu unaofuatwa na wengi katika kazi ya namna hii ni kuwapa wafasiri wawili matini ya asili, kila mmoja akafasiri peke yake, kisha tafsiri zao zikaunganishwa na kurudishwa katika lugha ya kwanza na watu wasioijua matini ya asili, halafu kamati ya wataalamu ikazilinganisha zote na kuijaribu hojaji kwa kundi dogo la wahusika, ambao huulizwa pia wameelewa nini. Katika hatua hiyo ya mwisho hugunduliwa mambo ambayo kamusi haiyaonyeshi. Namna ya kumtaja anayeulizwa ni mfano: neno la kawaida kabisa Brazil kwa maana ya "wewe" huweza kusikika Ureno kama ukosefu wa adabu, hasa kwa mjane mzee, na mjane aliyevunjiwa heshima katika swali la kwanza hawezi kutarajiwa kufungua moyo katika la pili.

Baada ya tafsiri ndipo huja uhakiki wenyewe, ambao wataalamu huugawa katika sifa mbili. Uthabiti ni sifa ya kipimo kutoa majibu yanayoafikiana, na mara nyingi hukadiriwa kwa alfa ya Cronbach, kiwango kisichozidi 1 ambacho kikifika 0.70 hukubaliwa na watafiti wengi. Uhalali ni sifa ya kipimo kupima kile hasa kinachodaiwa kupimwa, na ndio mgumu zaidi kuuthibitisha, kwa kuwa mizani ya dukani iliyochezewa huweza kupunja kwa kiasi kilekile mwaka mzima. Kwa upande wa majonzi, mtafiti hana budi kuonyesha kwamba alama za hojaji zinahusiana na za sonona bila ya kuwa kitu kimoja nazo, kwani mtu mwenye sonona huweza kupoteza hamu ya kila kitu, ilhali mwenye majonzi ya muda mrefu bado ana hamu kubwa, ila imeelekea kwa mtu mmoja asiyeweza kurudi.

Hata hivyo, takwimu hizo zote haziligusi sharti moja ambalo orodha ya Shirika la Afya Duniani imeliweka wazi, nalo ni kwamba uchungu uwe umevuka kile kinachotarajiwa katika jamii, utamaduni na dini ya mfiwa. Mwanamke wa kijiji cha Ureno anayevaa nguo nyeusi kwa miaka mingi baada ya kufiwa na mumewe anafuata desturi ambayo majirani zake wanaielewa na hata kuisifu. Brazil, ambako maziko hufanywa haraka, mara nyingi katika muda wa saa 24, misa ya siku ya saba ndiyo huwakusanya ndugu na marafiki, na tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, ni sikukuu ya taifa. Korona ilipozuka, mikusanyiko hiyo ilizuiwa au kufupishwa katika nchi ambayo hadi Machi 2023 ilikuwa imehesabu vifo 700,000 vya ugonjwa huo. Kwa hiyo alama za mfiwa wa kipindi kile hubeba pia msiba uliokosa matanga, na kipimo kilichohakikiwa kabla ya hapo hakikujengwa kwa kuzitenga hali hizo mbili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo Msumbiji, na hapa hoja inasogea karibu na wasemaji wa Kiswahili. Kireno ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo, lakini katika sensa ya 2017 waliokitaja kuwa lugha yao ya kwanza hawakufika mtu 1 kati ya 5. Pwani ya Cabo Delgado wengi ni Waislamu, na Kimwani, jamaa wa karibu wa Kiswahili, husemwa kuanzia kisiwa cha Ibo hadi Mocímboa da Praia. Mjane wa huko anayekaa eda ya miezi 4 na siku 10, akijiepusha na mapambo na matembezi, angeweza kupata alama za juu katika maswali ya kujitenga na maisha, ingawa kwa bahati njema eda humalizika kabla ya miezi 6 kutimia. Hojaji iliyohakikiwa Ureno ikitumiwa Pemba, mji mkuu wa jimbo hilo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkalimani ataigeuza papo hapo kwa Kimwani au Kimakua, na kinachomfikia mfiwa kitakuwa tafsiri ya tatu ambayo haijahakikiwa na yeyote, hata kama karatasi iliyo mkononi mwa mhoji inasema vingine.

Tena, tangu mashambulizi ya waasi wenye silaha yalipoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, ziko familia ambazo jamaa zao walitekwa au walipotea njiani wakati wa kukimbia, na hazikuona maiti wala kaburi. Kwa watu hao si rahisi hata kujua ni lini wasome hitima. PG-13 haina kipengele kinachowahusu, kwa kuwa hesabu yake ya miezi 6 huanza kwa kifo kinachojulikana kuwa kimetokea.