Chombo Kisicholala Usiku



Akina mama wa Homa Bay na Migori hutembea mwendo mrefu, watoto mgongoni, kwenda kuwapatia chanjo. Mtoto hudungwa sindano, hulia kidogo, na mama hurudi nyumbani na moyo mkunjufu. Lakini liko jambo moja asiloweza kuliona kwa macho: je, dawa ile ilitunzwa vema mpaka saa ya kudungwa?

Chanjo nyingi yapasa zikae katika jokofu lenye digrii 2 hata 8 za Selsiasi. Joto likizidi, nguvu yake hupungua. Wako wadhanio kwamba baridi kali ni heri zaidi. Sivyo hata kidogo. Chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, na kuiyeyusha hakuirudishii nguvu. Kadhalika chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, na ambayo Migori pia ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipata, haifai kugandishwa.

Kipimajoto cha kawaida hutoa habari za saa kinapotazamwa tu. Mhudumu akikisoma asubuhi na jioni, ni nani atakayemwambia yaliyotokea saa nane za usiku, umeme ulipokatika?

Ndiyo sababu vikabuniwa vyombo viandikavyo joto. Cha zamani kilikuwa na utepe wa madini ya namna mbili yaliyoshikamanishwa. Joto lilipobadilika, utepe ulijipinda na kuusukuma mkono wenye kalamu ya wino. Kalamu ilichora mstari juu ya karatasi iliyozungushwa polepole na mtambo wa saa, mara nyingi kwa muda wa juma zima. Cha siku hizi huenea kiganjani, huendeshwa kwa betri, na huweka kumbukumbu za siku 30. Joto likipita digrii 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hata nusu digrii chini ya sifuri kwa dakika 60, chombo huonyesha alama ya hatari.

Lakini chombo hakiwezi kuokoa dawa. Kazi yake ni kusema kweli, na kazi yetu ni kuisikia. Mhudumu aionapo alama hiyo, asiifiche kwa kuogopa lawama, wala asiimwage dawa kwa haraka. Na aitenge, aandike kwamba isitumike, kisha amwarifu mkubwa wake, ili wajuzi waamue kama ingali yafaa.

Ni heri mama aambiwe arudi siku nyingine, kuliko arudi nyumbani akiamini mtoto wake amekingwa, kumbe sivyo. Nanyi wazazi, msione haya kuuliza kwa adabu, "Jokofu lilikaaje usiku wa jana?" Mhudumu mwaminifu atafurahi kuwajibu.